Figo Iliyokosa Akidi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bwana Robinson, uliyekalia kiti chenye mto. Mama Mlezi wetu, Bi. Maureen, ambaye maombi yake hufika kabla ya habari. Bwana Josphat, Mweka Hazina. Wajumbe wa Kamati ya Ushauri wa Wagonjwa, mliohudhuria nyote leo kwa kuwa leo kuna pilau. Ndugu zetu madereva na walinzi mliosafiri kutoka Riyadh. Akina dada wa majumbani mliopewa ruhusa ya saa chache. Na nyinyi mlioketi kwenye ngazi za mkahawa huu wa Sharafiya kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu kwa mpangilio huo, maana ndio mpangilio mnaoupenda.

Mliniagiza, mimi Katibu wenu, niwasomee taarifa ya kamati kuhusu ugonjwa wa mwenzetu Rispah. Taarifa hiyo ninayo. Ni ndefu, ina shukrani nyingi, na haina mgonjwa ndani yake. Nitawasomea badala yake shajara yangu ya kiangazi hiki, pamoja na maneno yenu kama mlivyoyatamka. Atakayeona haya na avumilie.

3 Juni, Jeddah

Shule inakaribia kufungwa. Joto la mji huu halichomi, linalowesha. Mtu hutoka bafuni akiwa tayari amechafuka. Leo nimemsindikiza Rispah kusafishwa damu. Kwa miaka mingi amemtunza madam wake, mjane mzee asiyeweza kuinuka kitandani peke yake, hadi shinikizo la damu likaziua figo zake yeye mwenyewe. Kafili, yaani mdhamini wa kibali chake, ambaye ni mtoto wa yule mjane, alitaka kumrudisha Kakamega. Mjane akakataa: "Huyu ndiye binti yangu." Akamlipia matibabu na kuhakikisha ameandikishwa miongoni mwa wanaongoja figo ya marehemu. Mimi ni mkalimani wake, kwa hiyo hospitali hunipigia mimi.

Naandika pia desturi yetu, isije ikasahaulika jinsi tulivyokuwa werevu. Hakuna mwanachama wa jumuiya yetu ya wafanyakazi wa ugenini anayeijibu hospitali kabla Kamati "haijakaa". Desturi ilianza vizuri: watu walikuwa wakitia sahihi karatasi za Kiarabu wasizoweza kuzisoma. Sasa imekuwa starehe ya watu wanaopenda kuulizwa.

9 Juni

Kamati imekaa kujadili itakaa lini. Brayo, dereva wa lori la kokoto kule Riyadh, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: "Wazee, mnakaa sana mpaka viti vinaomba likizo!" Watu wamecheka. Debe tupu.

17 Juni

Simu imenikuta nikisahihisha mitihani. Alikuwa Dk. Ihsan, daktari wa Kisudani anayemtibu Rispah.

"Mwalimu Mirriam, kuna figo. Mwenyewe alikuwa kijana mzima, amepata ajali ya barabarani na ubongo wake umekufa. Alipoteza damu nyingi, kwa hiyo figo zake zimeumia. Vipimo vyake vya leo ni vibaya, sikufichi. Lakini tumekitazama kipande chake kwa darubini. Imepigwa ngumi, haijachakaa. Huenda ikalala siku nyingi kabla ya kufanya kazi. Huenda isiamke kabisa, ingawa nyingi huamka. Wagonjwa wengine wameikataa. Nataka jibu kabla ya Alasiri."

Nilimpigia Rispah. "Mimi naitaka, Mwalimu," akasema. "Lakini nikijibu bila kamati, watasema nimejitoa. Na nikifa, nani atanipeleka nyumbani?"

Hapo ndipo kamba ilipofungwa. Jumuiya yetu haijawahi kumtibu mtu, ila ina sifa ya kusafirisha maiti, na kwa sifa hiyo imewashika walio hai shingoni.

Mwenyekiti alikuwa soko la Balad akichagua masanduku ya safari. Tulimngoja. Alipofika, akidi ilikuwa bado haijatimia. Alikosekana mjumbe mmoja. Wakaamua kuzungumza "bila kuamua" wakati wakimtafuta.

"Figo imeharibika, na daktari mwenyewe anakiri?" akauliza Mwenyekiti. "Mwalimu, hata mimi nikinunua gari la mtumba, sinunui lililogongwa."

"Gari halijitengenezi, Mwenyekiti. Figo hupona."

"Kama inapona, si ingeponea kwa mwenyewe?" akadakia Josphat, na wote wakacheka kana kwamba amesoma udaktari.

"Mwenyewe amekufa ubongo, Bwana Josphat. Ni hali inayowezekana hata kwa watu wanaotembea."

Mama Mlezi akafumba macho. "Mungu wetu hatoi makombo. Akimpa Rispah figo, atampa nzima."

"Mama, Mungu hajapiga simu. Aliyepiga ni Dk. Ihsan."

"Mwalimu, chunga ulimi."

Wakaanza kubishana kama mjumbe aliye kwenye simu anahesabika katika akidi. Mmoja alisema sauti ni mtu. Mwingine akasema sauti haiwezi kuinua mkono. Adhana ya Alasiri ilisikika dirishani wakiwa kwenye mkono huo huo. Mwenyekiti akatazama saa yake na kusema, "Halas, imetosha, tukatae kwa heshima. Katibu, andika kwamba kamati inashukuru."

Nilipompigia Dk. Ihsan, alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema, "Nimeshampigia mwingine."

18 Juni

Nimemweleza Rispah jibu la daktari. Alinyoosha mkono, akafungwa kwenye mashine.

1 Julai

Kiti cha Awadh ni kitupu kwa wiki ya pili sasa. Awadh ni fundi cherehani, Myemeni, ambaye mashine yake imepakana na ya Rispah tangu nilipoanza kuja hapa. Katika chumba hicho kiti kikiwa kitupu hakuna anayeuliza. Rispah amemwombea.

6 Julai

Unyevu. Kamati imechagua rangi ya fulana za jumuiya.

15 Julai

Awadh ameingia akitembea, barakoa usoni, boksi la halua mkononi. Wagonjwa walimtazama kama mtu aliyetoka kaburini akiwa ananukia udi. Alimkaribia Rispah, nami nikatafsiri.

"Walikupa lini?" akauliza Rispah.

"Mwezi uliopita, siku moja nilipigiwa simu jioni. Waliniambia imeumia. Nikawaambia, na mimi nimeumia, tutafahamiana."

"Na ikafanya kazi?"

"Wapi! Ililala. Walinirudisha kwenye mashine nikiwa na figo mpya tumboni, nikalia kama mtoto. Mke wangu akasema tumeuziwa jiwe. Kisha siku moja nikahisi haja, dada yangu. Haja! Ulishasahau ni kitu gani, eh? Nilikimbia na dripu yangu."

Rispah alicheka hadi kengele ya mashine ikalia, na muuguzi akaja kumkemea.

Sijui kama ndiyo ile. Hospitali haisemi, wala haipaswi kusema. Lakini alipoondoka, Rispah aliishika ile halua bila kuila, na hakuniangalia njia nzima hadi mtaa wa Al-Mahjar, alikokwenda kupumzika kwa wenzake.

Nimempelekea Mwenyekiti habari hii nikidhani itamfunza. Amejibu: "Huyo ni Mwarabu. Miili yao inajuana." Naiandika sentensi hiyo neno kwa neno, ili wajukuu wetu wasije wakatuonea wivu.

27 Julai

Mshipa wa mkono aliokuwa akisafishiwa damu umeziba. Walijaribu kuuzibua, wakashindwa. Wamemtia mrija shingoni. Ana homa. Dk. Ihsan amenivuta ukumbini: "Mwalimu, kila mrija ni mlango. Milango yake inakwisha. Ikifungwa yote, mashine itakuwepo na yeye hatakuwa na pa kuunganishwa." Amelazwa.

5 Agosti

Leo Kamati imepata akidi. Wote walikuja wodini, na matunda ambayo mgonjwa wa figo amekatazwa kuyala: ndizi, machungwa, tende. Rispah alikuwa amefumba macho. Wakaamini amelala, wakaanza kazi wanayoiweza.

"Josphat ana likizo mwezi ujao," akasema Mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Ndiye aende na mwili."

"Kule Kakamega watataka sanduku lifunguliwe," akasema Josphat. "Tuwaandae mapema."

"Nguo nitachagua mimi," akasema Mama Mlezi. "Nyeupe inampendeza."

"Mniulize basi na viatu," akasema Rispah, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Nimewahi kuona watu wakitahayari, lakini sijawahi kuona kamati nzima ikitahayari kwa akidi.

"Rispah, mama!" akasema Mama Mlezi. "Tulidhani umelala."

"Nilikuwa nimelala. Mmeniamsha mkinizika."

Mwenyekiti akakohoa, akasema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Waliondoka wakasahau matunda, nami nikawapa wauguzi.

Tangu nijiunge na jumuiya hii nimewaona watu hawa kuwa wazito. Leo nimewaona kuwa hatari. Mtu mzito humkawiza mwenzake. Hawa wamemzoea maiti kiasi kwamba aliye hai anawachelewesha.

13 Agosti

Homa imeshuka tangu juzi. Nilikuwa kando ya kitanda simu ilipolia. Alikuwa Dk. Ihsan, amepata habari kutoka Riyadh: fundi mwashi ameanguka kutoka juu ya jengo, na ubongo wake umekufa. Misuli yake ilipondeka, sumu yake ikaingia kwenye damu na kuziumiza figo. Kabla ya hapo zilikuwa figo za mtu mwenye afya. Zimekataliwa na wengi. Upasuaji ni huko huko Riyadh, na ndege ipo baada ya Adhuhuri.

Nilianza kutafsiri. Rispah akainyakua simu mkononi mwangu, na kwa Kiarabu cha jikoni, kile cha kumwita mtu aje kula, akakubali: "Aiwa, doktora. Aiwa. Yalla!"

Tukiwa uwanja wa ndege, Mwenyekiti akapiga. Niliiweka simu katikati yetu.

"Katibu, nasikia mambo yanaendeshwa kiholela. Subirini kidogo, natafuta akidi."

"Mwenyekiti," akasema Rispah, "akidi imetimia. Niko mimi na figo."

Madam wake mzee alitulipia tiketi. Tulipopita kumuaga kitandani kwake, alimbusu Rispah kipaji cha uso mbele ya mwanawe, na mwanawe akatazama ukuta.

14 Agosti, Riyadh

Riyadh ni tanuri kavu; midomo hupasuka kabla ya salamu. Brayo alitupokea jana, akatupeleka hospitali bila kusema neno hata moja la mzaha, jambo lililonitia wasiwasi kuliko mizaha yake. Upasuaji umekwisha salama. Mkojo: hakuna.

15 Agosti

Hakuna.

16 Agosti

"Mafi," yaani hakuna, anasema muuguzi, na kuutikisa mfuko kana kwamba kosa ni la mfuko.

18 Agosti

Hakuna. Amerudishwa kwenye mashine akiwa na figo mpya. Madaktari wa hapa hawashangai, walitegemea hivi. Anayeshangaa kwa furaha ni jumuiya. Mwenyekiti ameandika kwenye kundi neno moja: "Tulionya." Chini yake vidole gumba vimejipanga kama kunguru kwenye waya. Mama Mlezi ametangaza mfungo ili Rispah "asamehewe kwa haraka yake". Josphat ameuliza, kwa wema wake wote, iwapo mwili ukiwa Riyadh taratibu ni zile zile.

Nilimwonyesha Brayo. Alisoma taratibu, akanirudishia simu.

"Mwalimu, usimwonyeshe siste."

"Sitamwonyesha."

"Poa." Akafungua kifuniko cha chupa ya uji aliyobeba, muuguzi alikuwa amemruhusu kiasi cha kikombe kidogo. "Hiyo figo ni ya mtu wa mjengo, Mwalimu. Imebeba saruji juani maisha yake yote. Juzi imeanguka ghorofa na bosi wake. Sasa imepata kitanda na AC, halafu watu wa Jeddah wanataka iamke saa kumi na moja? Wacha ipumzike, manze."

Rispah alitabasamu kitandani. Mimi nilitazama pembeni. Niliwahi kumwita debe tupu mtu huyu, ambaye sasa huja kila jioni akitoka kwenye kokoto, akioga kwanza kwenye bomba la walinzi ili asimletee mgonjwa vumbi.

20 Agosti

Wamekata kipande kidogo cha figo kukipima. Mwili haujaikataa. Imelala tu. Nimelirudia neno hilo mara nyingi leo hata limepoteza sura yake.

22 Agosti

Hakuna. Dhoruba ya mchanga; hata jua limefunikwa. Rispah ameniuliza, "Mwalimu, kama ningekubali ile ya kwanza, sasa hivi ningekuwa wapi?"

Nimemwambia sijui. Ni kweli sijui.

"Mimi najua," akasema. "Ningekuwa jikoni kwa madam, nikimlalamikia kwamba anakula chumvi nyingi." Kisha akageukia ukuta.

Hakulia mbele ya Kamati, hakulia mbele ya Awadh. Leo amelia. Na aliyemliza yuko Jeddah akichagua masanduku.

24 Agosti

Asubuhi muuguzi aliingia kuutazama mfuko, akatoka, akarudi na mwenzake. Wakainama wote wawili. Nami nikainama. Chini ya mfuko kulikuwa na maji kama chai ya rangi iliyopauka, kiasi cha kulowesha sahani.

"Mwalimu," akasema Rispah, "ni nini? Mbona mmeniinamia kama watu wa mochari?"

"Ni mkojo, Rispah."

"Usinitanie."

"Ni mkojo."

Alitaka kuuona. Tukamwinulia mfuko. Aliutazama kwa heshima ambayo sijamwona akimpa kiongozi yeyote wa jumuiya yetu. Nilimpigia Brayo, akiwa barabarani. Nikasikia honi ya lori ikilia kwa muda mrefu, na madereva wengine wakimjibu kwa matusi ya lugha zote za nchi hii.

Adhuhuri mfuko ulikuwa umefika nusu. Jioni waliumwaga mara ya pili.

Mwenyekiti amepiga baadaye. "Katibu, mwambie Rispah maombi ya kamati yamejibiwa." Nilikata simu. Ni mara ya kwanza kumkatia simu mtu mwenye cheo, na nimegundua ni kitendo rahisi.

2 Septemba

Mashine imeondolewa kitandani. Sumu katika damu yake inashuka kila wanapopima. Daktari wa Riyadh amenionya nisihubiri: si kila figo ya namna hii huamka, na hii yenyewe itachungwa maisha yake yote. Nimeandika hivyo kama alivyosema, kwa sababu ukweli hauhitaji kupambwa ili uwashinde watu hawa.

Rispah ameuliza habari za yule mwashi. Hawawezi kumwambia jina wala nchi. Wamemwambia jambo moja tu: jamaa zake waliulizwa siku hiyo hiyo ya msiba, na wakajibu siku hiyo hiyo. Rispah ameligusa kovu la upasuaji. Kisha akasema, "Hao hawakuwa na kamati."

*

Shajara inaishia hapo, waheshimiwa. Naona baadhi yenu mmeinamia sahani zenu. Inukeni kidogo, mnisikie.

Mmesema mezani hapa leo kwamba mambo yameisha vizuri, kwa hiyo tusifukue. Yameisha vizuri kwa sababu mgonjwa aliwaasi. Angewatii, Bwana Josphat angekuwa angani sasa hivi na sanduku, nanyi mngekuwa hapa mkiusifu utaratibu. Mliiita ile figo mbovu. Ilikuwa imeumia, ikapumzika, ikafanya kazi yake. Natafuta katika Kamati hii kiungo kinachoweza kusemwa hivyo, nami nakikosa.

Huu ndio uamuzi, nami nautangaza kwa niaba ya wanachama wa Riyadh, wa Al-Mahjar, na wale walioketi kwenye ngazi, ambao wote pamoja ni wengi kuliko wenye viti. Kuanzia saa hii, Kamati ya Ushauri wa Wagonjwa imevunjwa. Atakayehitaji mkalimani atapewa mkalimani. Jibu litatoka kinywani mwa mgonjwa. Wala hakuna mwanachama atakayenyimwa safari yake ya mwisho ya kurudi nyumbani kwa sababu aliijibu hospitali bila ruhusa ya mtu.

La pili ni lenu nyote, na linatendwa sasa, kabla mtu hajainuka. Sisi ni watu wa barabara, wa majengo na wa majumba ya wengine; tunakufa ghafla, mbali na kwetu. Kila mmoja wenu na ampigie yule atakayeulizwa siku hiyo, mke, mama, kaka, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe: figo zangu zitolewe, au zisitolewe. Siwaombi mseme ndiyo. Nawakataza kuwaachia wengine jibu lenu.

Bwana Robinson, utaanza wewe. Mkeo nimeshamwarifu, anakungoja hewani. Toa simu.